Ukuta Uliolia Siku ya Pili

Ukuta uliao haufutwi, huulizwa.

Maneno haya siku hizi yanasemwa hata mahali pasipo na ukuta. Juzi wajukuu wangu wawili, Mwanakheri na nduguye Shafii, walirudi kutoka zahanati wakaniambia wameyasikia kwa nesi. Kwenye benchi palikuwa na baba mmoja amempakata mtoto wake. Mtoto analia, baba anamfuta machozi kwa pindo la shati; mtoto analia tena, anamfuta tena. Nesi alipita mara mbili, mara ya tatu akasimama.

"Baba," akamwambia, "ukuta uliao haufutwi, huulizwa. Mvue kiatu kwanza."

Kiatu kilipovuliwa wakakuta mwiba umezama kisiginoni.

"Babu, ukuta gani huo?" Mwanakheri akaniuliza.

Nikawaambia wakae vizuri, kwa sababu ukuta wenyewe walikuwa wameuegemea. Tulikuwa tumekaa katika chumba cha nyuma, chumba alichokuwa akilala mama yangu. Maneno hayo yalizaliwa humo, na yalizaliwa hivi.

Nyumba hii aliijenga baba yangu, Mzee Mbaruku Shemahonge, mwaka aliomwoa mama. Huku kwetu Soni uwanja tambarare haupatikani. Anayetaka nyumba hukata mlima kwanza. Baba alikata mlima akapata kiwanja kama rafu ya kabati, akajenga juu yake. Mbele nyumba inatazama bonde. Nyuma inatazama ukingo wa udongo uliopanda mpaka usawa wa linta, pale juu ya milango. Kati ya ukingo na ukuta baba aliacha uchochoro mwembamba wa kupita mtu mmoja, tena akiwa amekaza mabega, akaufunga kwa kijilango cha bati.

Kila mwaka, kabla masika hayajaingia, baba alikuwa akipotea humo siku tatu au nne. Tulisikia jembe likigonga mawe, kwa, kwa, kisha kimya, kisha kwa tena. Jioni alitoka na udongo mpaka masikioni. Mgeni akija kumwulizia, mama alisema, "Yuko ofisini," nasi watoto tukacheka. Jembe lake nalo lilikuwa kichekesho. Mpini aliukata ukabaki urefu wa mkono, na majirani walikuwa wakimwuliza kama jembe hilo liliachishwa ziwa mapema. Baba alitabasamu tu. Hakuwa mtu wa kueleza mambo, na hakuna aliyemtaka aeleze. Mimi, mwanawe wa kwanza, sikuwahi hata siku moja kuchungulia ng'ambo ya kile kijilango.

Alifariki mwanzoni mwa mwezi wa pili, kwa ugonjwa wa kifua. Tukamzika pale juu, kwenye shamba la migomba. Mama, Bi Zahara, akaingia eda, miezi minne na siku kumi bila kutoka nyumbani. Chumba chake ndicho hiki cha nyuma. Dirisha lake la ubavuni, linalotazama njia, likafungwa ili wapita njia wasimwone.

Kwetu kitu cha marehemu hakiguswi mpaka eda iishe na warithi wakae kugawana. Kwa hiyo baba mdogo wangu, Mzee Rajabu, alikusanya jembe, beleshi na panga la kaka yake, akaviweka ndani ya uchochoro, akapiga kufuli kijilango na ufunguo akaenda nao kwake. Ilikuwa heshima. Hakuna aliyeona ubaya, hata mimi.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi stesheni ya reli Korogwe, nikipanda huku kila Jumamosi. Masika yalipoingia, Jumamosi ya kwanza nilikuta chumbani kwa mama doa chini ya ukuta wa nyuma, limefika usawa wa goti, rangi ya chai ya rangi. Juu kwenye kona ya dari palikuwa na vidoa vyeusi vidogo vingi, kama alama za nzi. Chumba kilinuka gunia bichi.

Hitma ya arobaini ilikuwa imebaki siku tisa.

"Wanawake watakaa humo na mama yako," baba mdogo aliniambia. "Wataona ukuta umeota ukungu. Watasema Mbaruku kafa na nyumba yake. Fanya jambo, Hemedi."

Nilifanya jambo. Niliangalia juu, nikaona vidoa vya dari, nikasema paa linavuja. Nilimwita fundi Singano, kijana mchapakazi mwenye mdomo mwepesi kuliko nyundo yake. Alipanda, akakuta bati moja lina tundu la msumari, akatuonyesha kwa furaha kama mtu aliyekamata mwizi. Tukabadilisha mabati mawili. Mvua ikanyesha. Vidoa vikabaki palepale, na vingine vikaongezeka.

"Basi ni ukuta," Singano akasema. "Ukuta dawa yake rangi, bosi. Rangi ya mafuta. Maji hayapiti pale, yatateleza kama yai kwenye kikaango."

Nikaingia kwa mama. Alikuwa amekaa kitandani na tasbihi mkononi.

"Mama, ukuta wako tuupake rangi gani?"

Aliutazama ukuta, akanitazama mimi.

"Krimu," akasema.

Nikatoka nimeridhika, maana nilijiona mtoto anayemshirikisha mama yake.

Singano alibandua lipu ya zamani iliyokuwa imelainika, akapiga lipu ya saruji tupu, akapaka rangi ya mafuta kutoka sakafuni mpaka usawa wa dirisha. Kabati kubwa la nguo hakulisogeza. Alisema nyuma ya kabati hatazami mtu. Ukuta ukang'aa kama sahani. Siku ya hitma wanawake waliusifu, na mmoja aliuliza jina la fundi.

Wiki ya pili baada ya hitma rangi ilianza kutoa malengelenge. Shangazi Mwanahija, dada yake baba, aliingia kumjulia hali wifi yake, akasimama katikati ya chumba akikaza macho.

"Zahara, ukuta wako una surua."

Akabonyeza lengelenge moja kwa kidole. Maji yakamtiririkia mpaka kiwikoni. Doa nalo sasa lilikuwa limepanda. Maji yaliyozibiwa njia chini yalitafuta njia juu, yakatokea juu ya ile rangi, karibu na bega la mtu mzima. Nilimrudisha Singano. Akakwangua, akapaka tena. Mwezi wa nne akapaka mara ya tatu, na safari hii hakufanya mzaha.

Katika wiki hizo zote mama alikuwa akilia. Hakulia kwa sauti. Nilikuwa nikiingia namkuta macho yamelowa, nami nachukua leso nampa, au namfuta mwenyewe, nikimwambia kama wote tulivyokuwa tukimwambia: "Nyamaza mama. Ukilia unamsumbua marehemu." Alinyamaza, akaniuliza kama nimekula.

Ulipofika mwezi wa tano baba mdogo alitoa shauri. Tulikuwa barazani, mvua imekatika siku hiyohiyo asubuhi.

"Nyumba imeoza kutoka ndani," alisema. "Inamfuata mwenyewe. Eda ikiisha mchukue mama yako Korogwe. Hapa tubomoe, tuokoe bati na matofali kabla hayajawa uji."

Nilikubali. Kule Korogwe nilikuwa na vyumba viwili, mke na watoto wanne, lakini niliona bora mama abanane na sisi kuliko ukuta umwangukie amelala. Nikaenda kumweleza. Aliinama akavuta uzi uliochomoka kwenye kanga yake.

"Hemedi," akasema, "kaburi lake sijaliona bado. Nilisema nikitoka eda nilipalilie kwanza. Kumbe nikitoka ninatoka na sanduku."

Nilimwona anataka kulia. Nikampa leso.

Jumamosi iliyofuata nilimleta Mzee Kilua. Alikuwa mwashi, mtu aliyeweka msingi wa nyumba hii pamoja na baba, na wakati huo alikuwa mzee wa kutembelea fimbo. Nilimwita kwa jambo moja tu, atazame atuambie matofali yapi yanafaa kuokolewa. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha Alhamisi kutwa, kisha jua likatoka.

Aliingia chumbani akanusa. Hakuutazama ukuta.

"Nani analala humu?"

"Mama."

"Basi niongee na mwenye ukuta."

Kwa kuwa mama alikuwa eda hakuweza kuonana naye. Alikuwa amehamia kwa muda chumba cha pili, pazia likashushwa kwenye mlango wa kati. Mzee Kilua alivuta kiti mpaka karibu na pazia, akakaa, akaweka fimbo magotini. Mimi nilibaki nimesimama, na baba mdogo alikuwa mlango wa sebule.

"Shemeji, pole."

"Nimeshapoa, Kilua. Magoti yako je?"

"Yananiarifu mvua kabla ya redio. Shemeji, nikuulize. Ukuta huu unalia wakati gani? Mvua ikinyesha?"

"La," sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia. "Mvua ikinyesha haubadiliki. Unalia siku ya pili. Mvua ya Alhamisi unailia Ijumaa."

"Na mvua ya rasharasha?"

"Hiyo hauijali. Mpaka iwe mvua ya kutwa."

"Na machozi yanaanzia wapi, juu au chini?"

"Chini, kona ile ya kabati. Hemedi, hebu sogeza kabati."

Nilisogeza. Nyuma yake, pale ambapo brashi ya Singano haikufika, palikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine kama vidato vya ngazi. Pembeni ya kila mstari paliandikwa siku kwa herufi za Kiarabu, kama mama alivyojifunza chuo cha Kurani alipokuwa msichana. Alikuwa akipitisha mkono ubavuni mwa kabati na kuweka alama pale maji yalipofika. Mstari wa kwanza ulikuwa wa wiki ya kwanza ya masika. Baada ya rangi ya kwanza, mstari ulikuwa umeruka juu kiasi cha shubiri nne.

Mzee Kilua aliinama akautazama ule ukuta kwa muda mrefu.

"Penseli hii bapa ni ya mwashi. Si mali ya marehemu hii, shemeji?"

"Ilikuwa kwenye kikapu changu cha ukili. Kilichomo kikapuni mwangu ni changu."

Baba mdogo akakohoa. Mimi nilishindwa kujizuia.

"Mama, mbona hukuniambia? Miezi miwili yote hii."

"Uliniuliza rangi," mama akasema. "Nami nikakwambia krimu."

Hapakuwa na ukali katika sauti yake, ndiyo maana sikujua pa kuweka macho.

Mzee Kilua alielekeza fimbo juu. "Hivyo vidoa vya dari ndivyo vilivyokupandisha kwenye bati?"

"Ndiyo."

"Doa la bati bovu ni la kahawia, lina duara pembeni, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa ikakauka. Tena hutokea mvua ikiwa bado inanyesha. Hivyo vyeusi ni ukungu. Ukuta unatoa maji, dirisha limefungwa tangu mwezi wa pili, ule mvuke unakwenda wapi? Unapanda, unageuka maji pale kwenye kona ya baridi, ukungu unaota. Bati halina kosa." Akageuka. "Jembe la Mbaruku, lile fupi, liko wapi?"

Baba mdogo akajibu kwamba liko uchochoroni, limefungiwa na vitu vingine vya marehemu, kama desturi.

"Na mwaka huu nani ameingia uchochoroni?"

"Hajaingia mtu. Tumeheshimu."

Mzee Kilua alifumba macho kidogo. "Nyumba hii imeuegemea mlima," akasema polepole. "Maji ya mlima wote yanashuka chini ya ardhi yakija hapa, taratibu, ndiyo maana yanafika siku ya pili. Mle uchochoroni kuna mtaro wa mawe, chini kuliko sakafu hii. Niliupanga mimi na Mbaruku. Kila masika udongo wa ukingo unaporomoka unaujaza, na kila mwaka alikuwa akiuzibua. Nilimwambia atafute msaidizi. Akasema uchochoro ni wa mtu mmoja."

Nilikuwa nimesikia yote, na hata hivyo ulimi wangu ulikuwa bado kwenye njia yake ya zamani.

"Kwa hiyo mzee, tukishazibua, nipake rangi ya namna gani?"

Alinitazama kama mtu anayepima tofali.

"Hemedi, ukuta uliao haufutwi, huulizwa. Wewe umeufuta mara tatu."

Ndipo tukamsikia mama nyuma ya pazia. Safari hii alilia kwa sauti. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye leso, na nilikuwa nimepiga hatua moja pale Mzee Kilua aliponishika mkono wa shati. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama chokaa iliyoganda. Alitikisa kichwa tu.

Nilikaa chini, sakafuni, karibu na pazia. Maneno yaliyofuata yalikuwa mafupi, lakini katika miezi mitatu sikuwa nimeyatamka hata mara moja.

"Mama, unalia nini?"

"Kila mtu ananiambia ninyamaze," akasema. "Wewe, Rajabu, wifi, hata watoto. Ukuta ulipoanza kulia nilisema moyoni, angalau huyu hakatazwi. Anamlilia mwenzangu kwa niaba yangu. Nikawa namwekea alama, nijue leo kalia kiasi gani. Mkija na rangi naona mmekuja kumnyamazisha na yeye." Akavuta pumzi. "Sasa Kilua unaniambia hakuwa akimlilia Mbaruku. Alikuwa akilitaka jembe lake."

"Ni kitu kimoja, shemeji," Mzee Kilua akasema.

Mama akaendelea kulia, nasi tukakaa. Alieleza mambo mengi siku ile, mengine madogo sana. Alisema asubuhi bado anakoroga chai ya vikombe viwili. Alisema anaogopa Korogwe, kwa kuwa kule hakuna anayemjua Mbaruku alivyokuwa akitembea. Nilikuwa sijui lolote kati ya hayo, na nilikuwa nikija kila Jumamosi.

Alipomaliza alimwita baba mdogo, akamwomba ufunguo.

"Shemeji, eda haijaisha," baba mdogo akasema kwa upole. "Watu watasema tumeanza kurithi."

"Eda ni yangu, Rajabu. Jembe halina eda."

Baba mdogo alikwenda kwake mwenyewe akauleta.

Nilianza kwa jembe langu la kawaida. Pigo la kwanza mpini ukagonga ukingo. Nikageuka, ukagonga ukuta. Uchochoro haukuwa na nafasi ya kuinua jembe refu. Nikaliacha, nikachukua lile la mpini mfupi, likaingia mkononi na kuzunguka kama limezaliwa mle. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu siku niliyojua kwa nini baba alikata mpini wa jembe lake.

Udongo ulioporomoka ulikuwa umefunika msingi wa mawe na kupanda juu ya matofali mpaka magotini, umechanganyika na majani ya migomba, na maji yamesimama humo meusi. Mwisho wa uchochoro, mahali pakavu chini ya upenu, nilikuta kigoda na kikombe cha bati chenye ua lililobanduka. Ndipo alipokuwa akipumzika zile nyakati tuliposikia kimya.

Nilichimba siku tatu. Niliomba ruhusa kazini, wakanipa. Nilishuka mpaka kwenye mawe ya mtaro, nikayasafisha mojamoja, na nilipovunja kizibo cha mwisho upande wa shamba, maji yalikurupuka yakakimbilia kwenye migomba. Jioni ile, nikiwa bado nimeinama mle ndani, nilisikia mtu akibisha mbele akimwulizia Hemedi, na shangazi Mwanahija akamjibu bila kufikiri:

"Yuko ofisini."

Nikainua jembe tena, kwa, kwa.

Ndani, Mzee Kilua alimwamuru Singano akwangue rangi yote ya mafuta na kuitoa kwa tindo ile lipu ya saruji, matofali yabaki uchi. Singano alikwangua kichwa kimeinama. "Nilidhani nauvisha koti la mvua," alisema, "kumbe maji yalikuwa ndani ya koti." Mzee akamwambia si yeye wa kwanza. Dirisha tulilifungua, tukaweka kitambaa chepesi kinachopitisha upepo na kuzuia macho. Ukungu wa dari tuliusugua kwa maji ya dawa ya madoa, ukakauka na haukurudi.

Nilitaka tupige lipu mpya wiki ileile. Mzee Kilua akakataa.

"Ukuta nao una eda yake. Muulize mama yako lini umetoka."

Kwa hiyo mama aliendelea na penseli yake, mistari sasa ikishuka. Kila Jumamosi nilipofika nilimwuliza, "Umefika wapi?" naye alinionyesha. Kisha nilimwuliza yeye amefika wapi, na mara nyingine alinieleza, mara nyingine alisema leo hapana.

Eda yake iliisha katikati ya mwezi wa sita. Alioga, akabadilisha nguo, akapanda shambani peke yake na jembe lile fupi. Alipalilia kaburi. Aliposhuka hakuingia ndani. Alizunguka nyuma, akafungua kijilango cha bati. Alikuwa amekonda, akapita bila shida. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, miguu pembeni ya mtaro, anasikiliza maji yakipita chini ya mawe.

"Miaka yote nilikuwa nasema yuko ofisini," akaniambia. "Kumbe nilikuwa nasema kweli."

Ukuta ulikauka mwezi wa nane. Tukaupiga lipu ya chokaa na mchanga, tukaupaka chokaa nyeupe juu yake, ili ukiwa na neno uweze kulisema. Mstari mmoja wa penseli, ule wa juu kabisa, mama alisema usifunikwe. Nyumba haikubomolewa. Mama hakwenda Korogwe ila kwa harusi na kurudi, akaishi humu miaka thelathini na mmoja zaidi.

Maneno ya Mzee Kilua yalitoka humu kidogokidogo. Yeye mwenyewe aliyasema kwenye kila nyumba aliyoitwa. Singano aliyabeba kwenye kazi zake. Kabla ya kufungua kopo la rangi aliuliza nani analala humu. Shangazi Mwanahija aliyapeleka kwa mabinti aliokuwa akiwafunda, wasimnyamazishe mume wala mtoto kabla ya kujua. Mpaka leo yamefika kwenye benchi la zahanati, kwa nesi ambaye hakumjua Bi Zahara wala ukuta wake.

Nilipofika hapo Shafii alikuwa ameshaweka kiganja ukutani.

"Mkavu," akasema. "Sasa nani anachimba kule nyuma?"

Nikamwonyesha jembe nyuma ya mlango. Mpini umebadilishwa mara mbili, lakini hatujaurefusha.

Mwanakheri alikuwa akiutazama ule mstari wa penseli na herufi zake. "Huu aliuandika bibi mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Bi Zahara tumemzika mwaka huu, siku arobaini na tatu zilizopita, pembeni ya mumewe. Nilikuwa nimesimulia vizuri mpaka hapo. Shafii, ambaye ana roho laini, alinitazama, akatoa kitambaa mfukoni, akainuka kuja kunifuta machozi. Dada yake akamshika mkono.

"Subiri," akamwambia. Kisha akasogea, akakaa karibu na magoti yangu.

"Babu, unalia nini?"

Nikawaeleza. Tulikaa humo mpaka chai ikapoa, kwa sababu yalikuwa mengi, na mengine madogo sana. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Ukuta uliao haufutwi, huulizwa.